Printa Inayonipiga na Kompyuta Iliyo Ndani ya Boksi

Mpendwa Mama Mektilda, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba jina langu lisitoke gazetini, kwa sababu ofisini kwetu gazeti hili linasomwa na kila mtu, hata mlinzi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana 1987, na sasa nafanya kazi kwenye ofisi ya mradi wa visima hapa Kahama, nikiishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Nyasubi. Nilipelekwa Mwanza kujifunza kompyuta, nikarudi nikawa mtu pekee ofisini anayejua kuiwasha na kuizima, na Mama, sijawahi kuwa mtu pekee wa kitu chochote, hata shuleni nilikuwa nakaa nyuma ili nisiulizwe swali.

Kompyuta hiyo ilikufa mwezi uliopita. Nilikuwa nachapa majina ya vijiji vilivyobaki kuchimbiwa visima, printa ikakwaruza ikanyamaza, nikasikia harufu ya kuungua nyuma ya kompyuta, pale waya wa printa unapoingilia, na kioo kikawa cheusi mpaka leo. Wote wanasema umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, lakini siku hiyo umeme haukukatika, feni ilikuwa inazunguka nikiiona. Mimi nadhani ni printa. Tangu wafadhili walipoileta kutoka kwao Ulaya huwa inanipiga, si kwa nguvu, ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mkono nikigusa chuma chake cha nyuma. Plagi yake ina pini mbili za mviringo, haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu mpaka tuchokonoe tundu la juu kwa njiti ya kiberiti, ndipo inakubali.

Nilimwambia karani mwenzangu, Ignas, kabla kompyuta haijafa. Sheria ya chumba cha kompyuta ni kuvua viatu mlangoni, maana vumbi la Kahama unalijua, kwa hiyo akavua, akaingia na soksi zake nzuri, mimi nyuma yake miguu mitupu kama kawaida yangu, akaipapasa ile printa kama anambembeleza mbwa.

"Mbona mimi hainipigi?" akasema. "Binti, huo si umeme. Hiyo ni hofu yako inatembea mwilini."

Wakacheka wote, na tangu siku hiyo naitwa Dada Shoti.

Kompyuta ilipokufa nilijikaza nikaenda kwa mkuu wetu, Mzee Makoye, ambaye ni mtu mpole na ana ng'ombe wengi kwao. Nilisema maneno matatu tu kuhusu printa, akatabasamu.

"Ng'wanone," ndivyo anavyoniita, yaani mwanangu, "kompyuta ni ng'ombe, printa ni ndama wake. Ndama kazi yake kunyonya. Umeona wapi ndama amemuua mama yake?"

"Sijaona, Baba," nikasema, nikatoka.

Sasa kompyuta mpya imefika, lori limeileta kutoka Isaka, iko stoo ndani ya boksi lake, na itafunguliwa wageni wa wafadhili watakapokuja mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayeunganisha nyaya mbele yao, na printa ni ile ile. Wafadhili wameandika kwamba hii ni ya mwisho. Ikiungua hakuna nyingine, na kazi yangu itakuwa imeungua pamoja nayo, nitarudi kwetu Ushirombo kupalilia pamba, si kwamba naidharau pamba, lakini hii kazi naipenda mpaka naiota. Nikikataa kuunganisha nitaonekana mtoto aliyeajiriwa juzi anabishana na mkubwa, na nikikubali nitakuwa nimeiunguza kwa mkono wangu huku najua. Naomba ukweli: je, kifaa kibovu cha pembeni kinaweza kuiharibu kompyuta yenyewe, au Ignas anasema kweli kwamba ni woga? Kama ni woga nitauvumilia.

Mwenye Haya, Kahama

JIBU

Mwenye Haya, marahaba. Huo si woga, ni umeme.

Mimi kompyuta siijui, kwa hiyo barua yako nilimsomea Mwalimu Donatus, anayefundisha fizikia. Nilipofika kwenye njiti ya kiberiti alinikatiza: "Huyo mtoto avae viatu leo hii!"

Ndiyo, kifaa kibovu kinaweza kuiharibu kompyuta, ingawa si kila kifaa. Kibao cha herufi hakina umeme wake, kinaomba kwa kompyuta, na mara nyingi kikiharibika kinagoma peke yake. Printa ina plagi yake ukutani. Ikivuja ndani, umeme wa ukutani unaufuata waya mnaodhani unapitisha maneno tu, unaingia kwenye kompyuta kwa mlango usiotengenezwa kuupokea. Lile tundu la juu mnalolichokonoa ndiyo njia ya umeme uliovuja kushuka ardhini. Nyinyi mmelifungua, kisha hamkulitia pini. Umeme ukikosa njia hiyo unatafuta nyingine, ama kompyuta, ama wewe uliyesimama miguu mitupu juu ya saruji. Ignas alilindwa na soksi kavu, si na ushujaa.

Na hapo nina ugomvi na wewe. Umeililia kompyuta barua nzima, hukuandika hata sentensi moja ya kujihofia mwenyewe. Wafadhili wamesema hawana kompyuta nyingine. Je, shangazi yako ana wewe mwingine?

Usisubiri wageni. Kesho asubuhi nenda kwa Mzee Makoye, msalimie vizuri, halafu umuulize: "Baba, ndama mwenye vidonda mdomoni, nyumbani unamwacha anyonye?" Mfugaji atakujibu mwenyewe kwamba anatengwa, asije akamjeruhi mama chuchu. Hapo mwambie habari ya printa, yote, na usitoke mpaka akujibu. Hubishani naye. Unamlindia mali ya mradi, na hiyo ndiyo kazi aliyokuajiria.

Printa ichomolewe leo. Aitwe fundi umeme mwenye testa, aifungie plagi ya pini tatu pamoja na waya wa ardhi, tena ahakikishe waya wa ardhi wa jengo lenyewe unafika chini kweli. Testa ikiendelea kuwaka kwenye chuma cha printa, isiunganishwe na chochote, ipelekwe Mwanza kwa matengenezo. Wageni wataona kazi yako kwenye kioo, hakuna aibu. Chumba cha kompyuta mvae ndala za mpira zisizotoka nje. Vumbi litabaki mlangoni na roho zenu zitabaki mwilini.

Jambo la mwisho. Mwalimu Donatus hajaiona kompyuta iliyokufa, lakini anasema kama harufu ilitoka pale waya unapoingilia, huenda kilichoungua ni kadi moja tu ya ndani, ile inayopokea waya wa printa, na kadi hubadilishwa. Msiitupe. Ipelekwe Mwanza nayo ikapimwe. Ikipona mtakuwa na kompyuta mbili, na msichana mmoja hawezi kukaa kwenye viti viwili. Itabidi umfundishe mtu. Mimi nakushauri uanze na Ignas.