Kome wa Chemchemi

Alhamisi. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi na haujaondoka. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, ila leo si baridi ya hapa kijijini Nangwa inayonitetemesha.

Nimetenda wema, na wema wenyewe unanitisha.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Tanga niliyeletwa huku na ajira. Rafiki yangu Zuhura yuko chuo kikuu, anachunguza vinasaba vya kome wa pwani, wale wanyama laini wenye magamba mawili wanaong'ang'ania miamba. Amegundua kwamba kome tuliodhani ni wa aina moja ni aina mbili. Wamekaa bega kwa bega miaka yote bila aina moja kuzaana na nyingine. Akaniomba nimkatie vipande vya nyama ya kome wa huku, wa chemchemini na wa bwawani, alinganishe. Nikamtumia, nikasahau.

Wiki iliyopita mafundi walikuja kujengea chemchemi ili maji yaingie kwenye bomba. Kome wangefukiwa na zege. Nikaokota kila niliyemwona, nikajaza ndoo. Jirani yangu Mama Bura alinisaidia kubeba. Huyu mama hajawahi kuacha yatima alale peke yake hata usiku mmoja.

"Tuwapeleke bwawani kwa ndugu zao, mwalimu," alisema. "Asiye na watu anakufa vibaya."

Tukawamwaga ukingoni, kando ya wenzao. Nilipowatazama, hata mimi sikuweza kusema yupi ni yupi. Tenda wema nenda zako. Nikaenda zangu.

Leo mchana Zuhura amepiga simu, anacheka kwa furaha. Vinasaba vinasema kome wa chemchemi si ndugu wa wale wa bwawani. Ni aina yao peke yao, na hajui kama wako kwingine kokote.

"Usiwaguse kabisa," akasema.

Nikasingizia mtandao, nikakata.

Nikamchukua Mama Bura tukaenda bwawani. Pale tulipowamwaga hapakuwa na rundo. Kwenye tope, chini ya maji, kulikuwa na michirizi, kana kwamba mtu amepitisha kidole. Mingi, na yote imeelekea upande mmoja. Wenyeji wa bwawa walikuwa wametulia mahali pao, hakuna aliyesogea.

Tuliifuata michirizi hadi mdomo wa mfereji. Hadi wiki iliyopita maji ya chemchemi yaliingilia hapo. Sasa yanapita bombani, na mfereji umekauka.

Walikuwa hapo. Walijiburuta wakatoka majini, wakasongamana kwenye tope kavu, wote wameelekea mlimani, iliko chemchemi. Wengi walikuwa wameshaachama, na siafu wako ndani. Nikaanza kuokota waliokuwa bado wamefumba.

Mama Bura alisimama mbali, shuka limemfika mdomoni. Halafu akasema taratibu, akiwaambia kome:

"Shikamooni."

Mama mwenye wajukuu. Siku nyingine ningemtania mpaka Krismasi. Leo sikucheka.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba zege litobolewe, lipatikane shimo dogo la kuwarudisha. Watu wameyasubiri maji hayo kwa muda mrefu sana. Watanitukana, na sitawalaumu. Lakini hawa wakifa, aina nzima imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi.

Waliobaki wako chumbani kwangu, kwenye ndoo yenye tope na maji ya bomba. Niliwapanga ovyo, huyu huku, yule kule. Jioni nimefunua ndoo. Wote walikuwa wamegeukia ukuta mmoja, ule wa upande wa chemchemi.

Nimejiambia ni bahati tu. Nimeizungusha ndoo, nikaifunika kwa kanga, nikakaa kuandika haya.

Sijathubutu kufunua tena.