Ndege ya Amiri Juu ya Mikarafuu

Jumatatu, 1 Agosti 1960
Nimefundisha mpaka adhuhuri. Mara ngurumo juu ya paa. Mdogo wangu Amiri kafika kutoka Nairobi na ndege ndogo ya viti viwili, ya kuazima. Kajifunza urubani huko kwa ami yetu. Mama kalia, kacheka, kamlisha mpaka kaomba msamaha. Kakonda. Nampenda hata akinikera.

Jumatano, 3 Agosti
Amiri kapita juu ya Ole, shambani kwa mjomba. Kaipindua ndege tumbo juu, karibu na vilele vya mikarafuu. Wachumaji wakashangilia. Mama anajisifu mtaa mzima.

Ijumaa, 5 Agosti
Chini zaidi leo. Makuti yakapepea. Mchumaji mmoja, Mzee Faki, kaachia tawi kwa hofu. Bahati nzuri kanasa kwenye ngazi. Amiri kaenda kumtaka radhi na mfuko wa sukari. Karudi anacheka.

Nimemfokea. Injini ikizimika nawe u kichwa chini, je?

"Dada, naijua ndege yangu."

"Na ardhi?"

Kaenda zake akipiga mluzi.

Kesho anampandisha Mama. Nimemsihi Mama asende. Kaniambia namwonea mdogo wangu wivu. Imeniuma.

Jumamosi, 6 Agosti
Amiri alitaka kuzunguka peke yake kwanza, ndipo ampakie Mama. Tulisimama ukingoni mwa uwanja. Ndege ikapanda, ikajipindua duara, ikashuka. Ikashuka mno. Bawa likakata kilele cha mnazi. Ikaanguka kwenye mihogo.

Nilikimbia. Harufu ya petroli. Wakulima walishamtoa. Mguu umevunjika, mbavu pia. Yu hai. Alhamdulillahi.

Kiti cha mbele kimepondeka. Ndicho ambacho Mama angekalia; rubani hukaa cha nyuma.

Jumapili, 7 Agosti
Hospitali. Kasema kwa taabu: "Niliivuta kwa nguvu zote, Dada. Ilikuwa inanyanyuka. Nafasi tu haikutosha." Angekuwa juu zaidi, ingenyanyuka. Nina hasira. Nina furaha. Sijui nianze na ipi.

Mama kabaki nyumbani.

Jumanne, 9 Agosti
Mama kaja na uji. Amiri kageuza uso ukutani.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Kafungua. Machozi yakamtoka, akawa anameza vivyo hivyo. Mama akamfuta, akaendelea kumlisha.

Baadaye nimemwosha nywele. Bado zina mchanga wa shamba. Kasinzia mkono wangu ukiwa kichwani pake. Nimeuacha papo hapo.