Sahani Nilizozisugua

Mke wangu, Mama Rehema,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu zamani ulikuwa unanisoma usoni kabla sijafungua mdomo, na sasa huwezi, basi nalisema mwenyewe. Leo ni siku ya tano naipangua nyumba yetu ya Magomeni, na bado sioni nilichofanya.

Binti yako ameshinda. Tangu sukari ianze kunichezea miguu amekuwa akipiga simu kila asubuhi, "Shikamoo baba, umekula nini?" nami namdanganya. Sasa amenitengea chumba Mikumi, nyuma ya kibanda chake anapowauzia chakula madereva wa malori. Chumba kimoja, kitanda na meza, basi. Gari linakuja kesho, na keshokutwa anahamia hapa mwalimu aliyepanga. "Gawa tu, baba," ananiambia, "usianze kukagua kimoja kimoja." Kusema ni rahisi. Nguo zako ziligawiwa baada ya arobaini, mashangazi wakazimaliza asubuhi moja. Lakini haya mengine waliniachia mimi: ndoo zisizo na mishikio, madumu, mifuko ndani ya mifuko, mifuniko ya masufuria ambayo hayapo tena. Nafungua kabati, nakaa chini, nalifunga.

Nikaona nianze na vyombo, maana chombo hakina maneno mengi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuuliza, "Sahani zote hizi za nini, tunafungua hoteli?" Nawe unajibu bila kugeuka, "Nusu si zetu." Kana kwamba hilo ndilo lingenituliza. Shughuli ikiisha kwa fulani, sahani zake zinalala kwetu, na zetu zinalala kwa mwingine. Na chombo cha mtu hukukirudisha kitupu hata siku moja. Lazima mihogo miwili, au maharage kidogo, au muwa tulioletewa kutoka Ruhembe. Kurudisha bakuli moja kulikula asubuhi nzima, na ulikuwa unarudi na jingine.

Halafu mwaka ule maji yalipoingia ndani. Mimi nilihangaika na godoro, wewe ulikuwa juu ya stuli unapandisha sahani kwenye boriti. Redio yangu ikazama unaitazama. "Redio ni yako, utanisamehe," ulisema. "Sahani ni za watu." Nilinuna wiki nzima. Leo nakiri kwamba nilizionea wivu sahani, mtu mzima mimi.

Sasa sikia nilichofanya. Jumatatu nilizitoa zote uani, nikaona chini zina uchafu mwekundu, nukta nukta na mistari. Nikasema moyoni, masikini, mke wangu alizeeka, macho yalikuwa hayaoni vizuri. Nikachukua majivu na stiliwaya, nikasugua mpaka mgongo ukagoma. Zikang'aa. Kesho yake nikabeba tano nilizodhani ni za jirani yetu Mama Hidaya, nikampelekea. Akageuza ya kwanza, akageuza ya pili, akanitazama.

"Baba Rehema, alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Rangi ya kucha. Yangu ilikuwa nukta tatu." Akakaa kibarazani taratibu. "Kumbe umefuta majina yetu yote."

Miaka thelathini na kitu nimekula kwenye sahani hizo, na sikuwahi kugeuza hata moja. Niliona aibu hadi nikashindwa kuaga.

Jioni yake wakaja wanawake sita wa mtaani, wakatandika mkeka uani, wakaanza kuzitambua kwa njia zao. Hii ilibonyea kwenye harusi ya mwanangu. Hii ina ufa, tulipakulia wali siku ya maulidi. Nyingine waliitaja kwa sauti ya chini: ililetwa hapa kwenye msiba wako, na mwenyewe hakuwa na moyo wa kuja kuichukua. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikisikia habari zako nisizozijua. Kwamba ulikuwa unawachekesha jikoni kwa kuniigiza ninavyokohoa. Kwamba ukisikia baiskeli yangu ulikuwa unawaambia, "Haya, bwana wangu huyo," na unaondoka sufuria ikiwa motoni. Nililia, sikufichi. Mama Hidaya akajifanya anatafuta kijiko.

Nilidhani nimemaliza. Juzi na jana wakarudi mmoja mmoja, kila mtu na vyetu vilivyokuwa kwake. Kwenye hivyo hakuna aliyesugua kitu. Mstari wako mmoja mwekundu upo palepale. Na havikuja vitupu: mchele, ndizi, nyanya, kwa mzee anayehama na asiyeweza hata kupika. Nilitoa rundo moja nikapata mawili.

Jana nikakaa katikati ya marundo hayo nikashindwa kuinuka. Rehema anafikiri ni miguu. Si miguu, mke wangu. Ninaogopa. Maadamu chombo cha mtu kilikuwa kwetu, kulikuwa na wa kupiga hodi. Sasa kila mtu ana chake. Nikikabidhi funguo, hapa Magomeni hakuna atakayekuwa na sababu ya kututaja, si wewe uliye kaburini wala mimi nitakayekuwa nasikiliza malori.

Leo asubuhi nilimwita Mama Hidaya nikamwambia avichukue vyetu vyote. "Chumba hakina nafasi," nikamwambia, "na wewe una watu." Akavipanga kwenye beseni polepole, vikubwa chini, kama ulivyokuwa unapanga wewe. Alipomaliza hakuinua.

"Baba Rehema, niambie nijue. Nimepewa, au nimeazima?"

Aliuliza kwa adabu tu, kama mtu anayetaka kuondoka bila deni la maneno. Simu ya Rehema ilikuwa inaita mfukoni. Niliiacha iite.

"Umeazima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akajitwika beseni, akaenda.

Kesho nitapita makaburini kabla ya kupanda gari. Sitakaa sana, miguu hairuhusu. Nitakuaga kama anavyoaga mtu anayerudi.

Mumeo,
Baba Rehema