Kijiko Bila Kilima

Mama, majina wako, huyu Nabintu niliyempa jina lako, anakunywa maziwa ya kopo. Nimeanza na hilo kusudi usilisikie kwa mdomo wa mtu mwingine, maana najua kuna watu wa huku ambao tayari wamelifikisha Uvira na kuliongezea chumvi yao. Ni kweli. Lakini anayonya ya kwangu pia, tena anaanza na ya kwangu, na nikikueleza vile alivyonona utafikiri nakudanganya.

Sasa nikusalimie vizuri. Mko wazima huko nyumbani? Ule mguu wako wa kushoto bado unavimba ukikaa sana kanisani? Sisi hapa kambini Nakivale tunapumua, Mungu anatutunza. Maharage yetu yametoka vizuri kuliko ya jirani yeyote. Baba Furaha anakohoa kidogo, ni vumbi la matofali. Furaha mwenyewe, mjukuu wako wa kwanza, anasoma maandishi ya kila kitu kinachoingia nyumbani, hata sabuni. Mambo haya siwezi kukueleza kwa simu, kwa sababu simu unayopokelea ni ya jirani na jirani anasikiliza. Barua naiweka mikononi mwa mama mmoja wa kwaya yetu anayekuja kumwona dada yake. Ameniapia kwamba hataifungua. Bahasha nimeibandika mara mbili.

Unajua mimi kwa kunyonyesha hakuna aliyenishinda. Wale wanne wa kwanza wote walikua kwa kifua changu, hakuna aliyeonja kitu cha dukani kabla ya meno. Wanawake wa hapa walikuwa wanawaleta mabinti wao wakizaa, waje kuniangalia. Sasa Nabintu alipofika mwezi wa pili, ziwa la kushoto likafanya jipu. Walilipasua pale kituo cha afya, kidonda kikapona, lakini maziwa ya upande ule yakakataa kurudi kama zamani. Mtoto akawa analia asubuhi, analia mchana, anakunja miguu. Kwenye mizani hapandi. Muuguzi akaniambia niendelee kumnyonyesha, kisha nimwongezee maziwa ya kopo ya watoto wachanga mpaka nguvu inirudie. Nilimwangalia sana yule muuguzi. Nikajiuliza yeye anapata nini.

Wewe na mimi, Mama, kopo la maziwa ya mtoto tumelijua likiwa tupu. Ndilo lililokuwa kipimo chetu cha mchele sokoni, na hata hapa sokoni Misiera ndilo ninalopimia unga wa muhogo. Na unavyonijua, sipimi kopo la kukata. Najaza mpaka kinasimama kilima, kisha juu ya kilima natupia matabishi, ile nyongeza ya bure, kwa mkono. Wanunuzi wanawapita wengine wote kuja kwangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anayepitisha kiganja juu ya kopo ana roho ndogo.

Basi mtu huyo naishi naye. Mama mukwe alihamia kwetu kutoka upande wa Rubondo, humuhumu kambini, kwa mwanawe mwingine, Nabintu alipozaliwa. Alisema anakuja kunisaidia. Sikukataa, lakini nilimwekea jicho. Chumvi anapima. Mafuta anapima. Ukimpa kopo la unga asonge ugali, anakata juu kwa mgongo wa kisu na kinachoanguka anakirudisha kwenye mfuko wa unga. Mbele ya wageni, Mama. Mimi nilikuwa naona haya kwa niaba yake.

Kopo la kwanza nililinunua Misiera kwenye duka la Mzee Feruzi, Mrundi mmoja mwenye maneno mengi. Nilichemsha maji, nikaosha biberoni, ile chupa ya kunyonyea, kwa maji ya moto, kila kitu nilifanya kwa usafi. Mtoto alikunywa, akalia kupita mwanzo. Tumbo likawa gumu. Siku tatu hakwenda choo, na alipokwenda kilikuwa kama cha mbuzi, naye akapiga kelele mpaka mimi nikalia naye. Nikachukua ule unga wa maziwa nikausugua kwa vidole, nikaunusa, nikauonja. Mimi kwa unga hakuna wa kunidanganya. Nikalibeba kopo hadi dukani.

“Mzee Feruzi, hii kopo uliweka ndani kitu gani?”

“Kopo ilikuja imefungwa, Mama Furaha. Mwenye kuifungua ni wewe.”

“Batu banasema maziwa siku hizi banachanganya na unga.”

“Na muuza unga hapa Misiera ni nani? Mimi ningekuwa na unga ningekuja kukaa pembeni yako, tuone wanunuzi bangebaki kwa nani.”

Watu waliokuwa wanangoja sukari wakacheka. Nilirudi nyumbani na kopo langu, bila kumuaga.

Sasa sikiliza kilichonifungua macho, au mimi nilifikiri kimenifungua. Siku mbili za juma nakwenda kuuza, na mtoto anabaki na mama mukwe. Nikaona kwamba siku hizo mbili Nabintu halii. Narudi namkuta amelala, tumbo laini, choo amepata. Nikikaa naye mimi, mama yake niliyemzaa, anajinyonga kwa kilio. Juma la kwanza nikasema ni bahati. Juma la pili nikaanza kuhesabu. Juma la tatu nilikuwa na hakika: huyu mama anampa mtoto wangu kitu cha kumlaza.

Nilimnusa mtoto mdomo. Nilitazama chini ya kitanda. Mama mukwe alipokwenda kuchota maji, niliufungua mfuko wake, nikakuta Biblia, kipande cha sabuni na kitambaa cha kichwa. Hiyo pia ikanitia shaka, mtu kukosa hata kitu kimoja cha kuficha. Aliporudi nikamuuliza mbele ya Baba Furaha.

“Mama, siku yenye sipo, mutoto unamupa nini?”

“Maziwa yenye uliacha.”

“Mbona kwako analala na kwangu analia?”

“Uliza mikono yako.”

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana wewe ulinilea vizuri. Baba Furaha nikamwambia mama yake arudi Rubondo, la sivyo mimi na watoto ndio tutatoka. Aliinamisha kichwa, akasema tungoje kwanza mtoto apone. Mama mukwe alikunja nguo zake akaziweka mfukoni, na mfuko akauweka karibu na mlango. Aliendelea kupika huku mfuko uko pale, na kila aliyeingia aliuona.

Nikarudi kwa muuguzi. Akaniandikia kwenye karatasi maziwa mengine, ya watoto wenye tumbo la taabu, akasema yanapatikana mjini Mbarara. Hakuniuliza napima vipi, na mimi ningejibu nini, mtu ninayepima tangu utoto? Mpango wangu ulikuwa huu: niende nilete kopo jipya, na jioni hiyohiyo ule mfuko utoke. Nikamfunga Nabintu mgongoni, maana nyumbani nisingemwacha tena, nikachukua biberoni, chupa ya maji ya moto na kopo la mwisho tulilonunua kwa Mzee Feruzi. Kufika Rwekubo analia. Kufika Mbarara bado analia.

Duka la dawa nililoingia lina makopo yamejipanga ukutani kama wanakwaya, kila moja limechorwa mtoto mnene anayecheka. Nikawaza, hawa watoto kwa kweli walilelewa na nini. Muuzaji ni msichana Munyankore, mwenyeji wa hapo, miwani usoni, mpole. Nilimpa karatasi, akaniwekea makopo mawili mezani.

“Hii moja iko ya gesi. Hii ingine protini yake wamevunjavunja, tumbo ya mtoto haipati kazi mingi.”

“Nani amevunja?”

“Wa kiwanda, nyabo.” Ndivyo wanavyomwita mama huku.

“Wewe uliona?”

Alicheka, hakukasirika. Nikageuza makopo chini juu. Nikatafuta alama ya kubonyea, nikabonyeza vifuniko, nikayatikisa sikioni, nikamfanya anisomee maandishi yote, mpaka jina la nchi yalikotoka. Alisoma yote. Akaniambia pia kwamba hayo si dawa wala muujiza, na kwamba ziwa langu lisiachwe. Hapo moyo wangu ukampenda kidogo, lakini sikumwonyesha.

Mtoto akazidi kulia. Nikakaa kwenye benchi, nikamnyonyesha pande zote mbili, kisha nikamkorogea juu ya meza yao kidogo kilichobaki kwenye kopo la zamani. Nikachota kijiko cha kwanza, kimesimama kilima. Cha pili kilima. Nilipomaliza vijiko nikatupia kidogo kwa juu, kama kawaida yangu. Yule msichana alikuwa ananiangalia.

“Nyabo, simama. Kila siku unaweka namna hiyo?”

“Kila siku. Mimi mutoto wangu simunyimi.”

Akachukua biberoni mkononi mwangu, taratibu, akamwaga yote. Akachota kijiko kimoja kutoka kwenye kopo, akapitisha kisu juu yake mpaka kikawa sawa na ukingo. Kilichozidi kikaanguka ndani ya kopo.

“Hii ndiyo kijiko. Ile yako iko karibu mbili. Mtoto nakunywa maziwa mazito, maji nakosa, choo nakauka, figo yake kidogo nachoka. Hata ukinunua hii laini na uweke mlima, atalia.”

Mama, damu ilinipanda. Nikajisemea, nimetoka Nakivale mpaka hapa kukutana na mama mukwe mwingine. Mtu anayekata kilima mimi namjua, nimekaa na wenzake sokoni miaka, nataka kujua anataka kuniibia nini. Nikatafuta hila yake pale nilipokaa. Ndipo biashara yangu mwenyewe ikanijibu. Huyu anauza maziwa. Angetaka kunila, angeniambia niweke vilima viwili, kopo liishe haraka, nirudi kwake juma lijalo. Sijamwona muuzaji anayekusihi utumie kidogo kitu anachokuuzia yeye. Hila sikuiona. Na nyumbani kwangu, anayekata kwa kisu ni nani? Siku mtoto asipolia, biberoni inakuwa mkononi mwa nani? Nikakaa tena kwenye benchi, Mama, nikakiangalia kile kisu. Yule msichana alifikiri safari imenichosha, akaniletea maji.

Alimkorogea mengine mwenyewe, kijiko cha kukata. Nabintu akanywa, akalala mgongoni mwangu kabla hatujatoka mlangoni. Kopo nililochagua ni lile la protini zilizovunjwa, maana la zamani lilikuwa limebaki unga wa chini tu kwa vile vilima vyangu, na majina wako hawezi kupewa la pili kwa ubora.

Nilipofika nyumbani mfuko ulikuwa palepale. Mama mukwe anachambua mboga.

“Mama, maziwa ya mutoto unapimaka namna gani?”

“Na kisu. Furaha alinisomea maandishi ya kopo, banasema kijiko kikatwe. Nilikuambia siku ya kwanza. Ulisema niache roho ndogo.”

“Mbona hukurudilia kuniambia?”

“Nilirudilia. Wewe ulikuwa unaongea.”

Furaha alikuwa pale, akatazama chini. Nilichukua ule mfuko, nikatoa nguo moja moja, nikazitundika mwenyewe, na kile kitambaa cha kichwa nikakifua bila kuombwa. Msamaha niliuomba kwa mdomo pia, nikipiga magoti, usifikiri nilijificha nyuma ya kufua. Aliniambia, “Simama, sufuria inaungua.” Na ilikuwa inaungua kweli.

Kwa Mzee Feruzi nilipeleka kopo la maharage lenye vilima juu ya vilima. Alilitazama sana. “Mama Furaha,” akasema, “hapa ndani uliweka kitu gani?” Nikamwachia acheke, nilistahili.

Sasa Nabintu ana majuma matatu na kijiko cha kukata. Choo ni laini, anacheka na ukuta, na juzi mizani ilipanda mpaka muuguzi akampima mara ya pili akifikiri nimemvika kitu kizito. Ziwa la kushoto linaanza kujaa, biberoni tumezipunguza. Hapa kijijini kila mtu anajua kwamba ni mimi niliyegundua siri ya kijiko huko Mbarara, na mama mukwe ananiacha niseme. Bado nanusa kila biberoni kabla mtoto hajaiweka mdomoni, hata ile anayokoroga yeye, naye anajua nanusa. Sokoni kilima changu kiko palepale.

Tutamtoa mtoto kanisani abarikiwe, na nataka mje wote. Wewe ukae karibu na mama mukwe, mule sahani moja, na usimwonyeshe kwamba nilikuandikia habari ya chumvi. Ndiye atakayemshika Nabintu mbele ya mchungaji. Najua ulitaka uwe wewe. Nisamehe, nafasi hiyo ameipata kwa kazi.

Nisalimie kaka mkubwa fundi cherehani, aje na gauni jeupe la mtoto, alipime kubwa. Nisalimie shangazi muuza vile visamaki vya ndagala, na mdogo wangu anayefundisha shule ya msingi, mwambie herufi zangu aziangalie vile zilivyonyooka. Mjomba shemasi mwambie tunahitaji sauti yake ya kuanzisha nyimbo, ya hapa ni mbovu. Tokeni mapema, msimwamini mtu yeyote njiani na mizigo yenu, na mama wa kwaya akikupa barua hii tazama kwanza kama imefunguliwa.

Ni mimi binti yako Zawadi, mama wa watoto watano wanaokula vizuri, na nitakuwa nimesimama barabarani pale Misiera kuwapokea Jumamosi inayotangulia siku ya Mungu ya tatu ya mwezi wa nane.