Majina ya Idara ya Pili

Kaka Masanja,

Shikamoo. Nakuandikia ndani ya daftari lako mwenyewe, kurasa za nyuma, na najua ungenigombeza. Lakini nina habari ambayo sina mwingine wa kumpa: Sugihara hajafa.

Baba Salma ameleta kaseti ya tano kutoka Mwanza. Gemu ni lile lile letu la sungura mwenye upanga, na televisheni bado iko chumba cha nyuma cha duka lake hapa Ngokolo. Nimehangaika nalo mwezi mzima, kila mchana, maana wewe ndiye uliyekuwa na vidole, mimi nilikuwa na mdomo tu. Jumamosi nikalimaliza. Majina ya Wajapani waliolitengeneza yakaanza kupanda, nikafungua daftari kama ulivyokuwa ukifanya.

Walikucheka sana kwa daftari hili. Gemu likiisha wenzako wanataka zamu, Baba Salma mkono uko kwenye swichi, "Masanja, wenzio wanasubiri," na wewe, "Ngoja majina, Baba Salma. Hawa watu wamefanya kazi." Ukaandika historia nzima ya Idara ya Pili ya kampuni ile bila kutoka Shinyanga. Kaseti ya kwanza walikuwa saba, na Sugihara alichora mawingu tu. Ya pili akaongezewa milima. Ya tatu anasimamia wachoraji wote, ukatembea kifua mbele wiki nzima utadhani ni binamu yetu aliyepandishwa cheo. Ya nne hayumo. Ukasema amekufa, mtu hatoki hivi hivi kwenye orodha. Nikasema amehamishwa tu, kama mwalimu wetu wa hesabu alivyopelekwa Kahama. Ukaninunia mpaka jioni.

Sasa jina lake liko juu kabisa, peke yake: mkuu wa idara. Nimeshinda ubishi, kaka, na nililia mbele za watu. Baba Salma hakugusa swichi. Alisimama pale mpaka jina la mwisho likapotea.

Nilichokuwa nakikwepa ni hiki. Duara lenu, lile shimo la dhahabu kule Geita, lilipoporomoka na mvua, Baba alikaa pale siku mbili akiuliza kama umo, mpaka walipowatoa. Msimamizi hakujua nani aliingia. Hakuna aliyeandika. Wewe uliyejua nani alichora mawingu Japani, ulishuka shimoni na jina lako halikuwa popote. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo nilikwenda Geita. Mama aliyewapikia anawakumbuka nyote kwa sahani zenu. "Masanja alikuwa hali dagaa," aliniambia, "nilikuwa namfichia maharage." Nikacheka, maana hata nyumbani ulitusumbua hivyo hivyo. Jioni ile nikafungua ukurasa mpya, kila mtu na kazi yake. Shija alipasua mwamba. Kulwa alivuta kamba. Hamisi alipanga magogo ya kuzuia udongo. Wewe ulijaza mifuko.

Mlikuwa watano. Wa tano ndiye aliyeshika taa, na kila mtu alimwita Mrefu. Yule mama anajua tu kwamba kwao ni Chato na kwamba hakumaliza ugali bila kumwachia mbwa kipande. Walimzika pamoja nanyi bila ndugu hata mmoja. Mbele ya kazi yake nimeacha nafasi.

Alhamisi napanda basi kwenda Chato. Nitauliza sokoni, nitauliza mwaloni kwa wavuvi, nitauliza kila mama mwenye kijana mrefu aliyekwenda Geita na hajarudi. Naogopa, kaka, kwa sababu nikimpata ni mimi nitakayemwambia. Lakini huenda naye anakaa anauliza kama Baba alivyouliza.

Pumzika sasa. Daftari liko kwangu, na sizimi mpaka jina la Mrefu lipite.

Mdogo wako,
Kabula