Kiti cha Mbele na Mwalimu Nisiyemtaja

Mpendwa mshauri Rosaline, naomba msaada, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua unagombeza, nakusoma kila Jumamosi nikiwa kwenye cherehani hapa Kitale, na nimewacheka wengine mpaka zamu yangu imefika.

Niite Shamira. Ni fundi wa nguo, na jioni ni mwimbaji, sina kampuni wala meneja, mashairi nayatunga mwenyewe na nyimbo tunazirekodi kwenye chumba cha rafiki kilichobandikwa magodoro ukutani, kisha tunaziweka mtandaoni tukiomba Mungu. Ninayeimba naye ni Situma, kijana wa Kabuchai, anapiga litungu, ile ala ya nyuzi ya kwao Bungoma, na wimbo wetu mmoja umeshika kweli, siku hizi hata sokoni nausikia. Unahusu mahindi yaliyoanikwa kando ya barabara na mvua inakuja, na unaanza hivi:

Mahindi yako nje, wingu limeshuka bondeni,
Iteni majirani, turubai tukunjeni,
Na aliyenifunza kuita, nimwite kwa jina gani?

Huo mstari wa tatu sijui hata ulitoka wapi, ulikuja tu siku moja nikipiga pasi gauni la bibi harusi, na kila nikiufikia unanikwama, nauimba harakaharaka nipite.

Sasa shida ni hii. Tuna kikundi chetu cha wasanii wanaojitegemea, tunakutana Kiminini kwa sababu watu wa Kitale na watu wa Bungoma wote wanafika bila kulalamika, nyuma ya duka la Jepkemboi ambaye ndiye mwenye kikundi, na Jepkemboi aliweka desturi moja, kwamba hakuna anayeimba wala kughani kabla ya kusema sauti yake ilianzia kwa nani, na ukishamtaja huyo mtu, siku ya onyesho unamleta anakaa kwenye kiti cha mbele, na kama amefariki kiti kinafunikwa leso na hakuna anayekikalia. Ni desturi nzuri, Mshauri, nimelia mara nyingi pale. Situma alimleta mjomba wake, mzee aliyempa litungu lenye uzi mmoja wakati anachunga ng'ombe akamwambia akiweza kuimba kwa huo mmoja atamfungia wa pili. Kipketer wa kule mlimani Elgon, anayeghani mashairi, alianza kwa kusoma matangazo kanisani, akamleta katibu wa kanisa lao, mama mmoja na mkoba wake mapajani, aliyemfunza kwamba tangazo la harambee na tangazo la mazishi hayasomwi kwa pumzi moja. Tulicheka wote.

Zamu yangu ilipofika nikasema nilijifunza mwenyewe, kwa simu, nikisikiliza waimbaji wa nje. Walipiga makofi. Situma peke yake hakupiga, na tulipotoka akaniambia, "Ati simu? Si uniambie bana, simu ilikuchapa lini ukikosea?"

Ukweli ni kwamba nilifunzwa na Mwalimu (jina nimelifuta mimi mshauri — Rosaline), mwalimu wetu wa madrasa hapa mtaani karibu na msikiti, ndiye anayeongoza kasida za wanawake kwenye Maulidi na harusini. Nilikuwa mtoto wa kelele, walimu wengine walikuwa wananitoa nje, yeye akaniweka mbele. Alinifunza kushika neno la mwisho mpaka wenzangu wafike, na kutoimba juu ya sauti ya mwingine, na siku moja aliweka kiganja chake tumboni mwangu akasema, "Sauti inalala hapa, iamshe kwa adabu." Hakuna wimbo wangu usio na yeye ndani, hata huo wa mahindi, kule kupanda na kushuka ni kwake, mtu yeyote aliyepita darasa lake akisikia anajua.

Lakini kasida zake ni za dufu tu, nyuzi hataki, alishatuambia tangu tukiwa wadogo. Mimi naimba na litungu, tena kumbi nyingine pembeni wanauza pombe. Watu walipojua, Mama Leila, ambaye binti yake yuko kwenye darasa hilo, alisema harusini kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtoto akifunzwa vizuri haendi kuimbia walevi." Mwalimu alikuwa palepale, akaendelea kumenya vitunguu. Mshauri, wazazi wakisikia redioni kwamba yeye ndiye aliyenianzisha watawatoa wasichana wao, na lile darasa ndilo maisha yake, hana mume, hana mtoto, ana sisi tu.

Na sasa mwezi ujao tuna onyesho kubwa Bungoma mjini, redio itakuwepo, na Jepkemboi ameniambia, "Shamira, safari hii simu haikai kwenye kiti. Leta mtu ama usiimbe." Wakati huohuo bango limeshabandikwa, limeandikwa "Shamira, Aliyejifunza Mwenyewe", nikilipita naona kama linanizomea.

Halafu juzi, nikichagua nyanya sokoni, Mwalimu akanikuta. Hata salamu hakunipa. Akasema mbele ya wauza nyanya, "Wewe Shamira, mbona unaumeza mstari wa tatu? Mimi nilikufunza kumeza?" Akabeba kikapu chake akaenda. Mwalimu mwenyewe ana kabambe tu, hana hizi simu za mtandao, kwa hivyo nimeelewa kwamba watu wamempelekea maneno na amekasirika, amenawa mikono juu yangu.

Tangu siku hiyo situlii. Nimevunja sindano, nimeshona mkono wa blauzi mahali pa shingo, naanza wimbo naacha, natoka nje kuangalia nini sijui narudi ndani. Situma anasema tumkalishe mjomba wake tuseme ni wa sote wawili. Kaka yangu Aziz anasema niache kuimba nishone, cherehani haina kiti cha mbele. Na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nimewaza kuweka leso kwenye kiti, watu wadhani aliyenifunza ameshafariki, nisiulizwe tena.

Nimtaje nimharibie, ama nimfiche niendelee kuwa mwongo? Nijibu haraka tafadhali, sina utulivu.

Shamira, Kitale.

ROSALINE ANAJIBU

Shamira binti yangu, kaa chini kwanza. Barua yako imetoka nje na kurudi ndani mpaka mimi niliyekuwa nimekaa nimechoka.

Hofu yako si ya kipuuzi, na sitaicheka. Naijua miji yetu, neno la harusini linafika nyumbani kabla ya pilau. Mwanamke anayeishi kwa kuaminiwa na wazazi wa watoto anaweza kuangushwa na sentensi moja, na wewe unajali asianguke. Hilo ni pendo, nakupa heshima yako.

Sasa nakugombeza. Umemuuliza Situma. Umemuuliza Aziz. Umeniuliza mimi, mwanamke wa Lwakhakha ambaye sauti yangu inafaa kufukuzia ndege kwenye mtama. Mwenye jina hujamuuliza. Umeamua peke yako kwamba ataona aibu, ukaamua kwamba amekasirika, na kisha, la haula, ukafikiria kumfunika leso! Umzike mwalimu wako naye yuko sokoni ananunua nyanya? Hilo wazo lisirudi tena hata kwa mzaha.

Na hizo nyanya ndizo zilizonifanya nisome barua yako mara mbili. Mwalimu hajafika Kiminini hata siku moja. Simu yake ni ya kubonyeza. Basi alijuaje kwamba unaumeza mstari wa tatu? Aliyepelekewa maneno angejua kwamba umeimba na litungu, angejua kuhusu walevi wa Mama Leila. Mstari wa tatu haujui mpaka amesikiliza, tena hakusikiliza mara moja. Kuna msichana wa darasa lake aliyemchezea wimbo wako kwenye simu, na mwalimu wako akasema, hebu rudisha hapo. Mtu aliyenawa mikono juu yako hasemi rudisha hapo.

Halafu akasema nini? "Mimi nilikufunza." Amesema mbele ya wauza nyanya, watu ambao kwa kutangaza habari wanaishinda hiyo redio mnayoingojea. Wewe unajikondesha kwa kumficha, na yeye ameshajitaja hadharani, mchana, na kikapu mkononi! Anayekana ni mmoja tu hapa, nawe unamjua. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wenyewe ndio huo wa kuvunja sindano.

Sikuambii kwamba amekubali litungu. Huenda nyuzi hazipendi hata leo, na huenda ukumbi wenye pombe hatauingia. Anaweza kuchukia ala na kumpenda mwimbaji, watu wazima wana nafasi ya vyote viwili. Ndiyo maana jibu ni lake, si langu wala la Jepkemboi.

Kwa hivyo utafanya hivi. Kesho baada ya alasiri, watoto wakishatoka, nenda kwake. Nenda peke yako, Situma na litungu lake wabaki. Beba sukari na majani chai kama mtu aliyelelewa. Kabla hujaomba chochote, mwambie kwamba Kiminini ulisema uongo, ulisema ni simu. Usijitetee kwa Mama Leila, sema tu. Kisha mwimbie mstari wa tatu, na akikukatiza akusahihishe, nyamaza usahihishwe. Ndipo umuulize, "Mwalimu, nikutaje?" Halafu funga mdomo ungoje.

Akisema ndiyo, muulize pia ni ukumbi gani anaoweza kuukalia kwa amani, na umwambie Jepkemboi pombe iondoke siku hiyo ama wewe uondoke. Akisema hapana, hakuna kiti, hakuna leso. Simama mbele ya watu useme, "Ninaye aliyenifunza, yu hai, ameniomba nisimtaje, na ninamtii." Jepkemboi akikataa hilo, usiimbe. Desturi yake ni ya kuwaheshimu walimu, si ya kuwavuta kwa masikio. Hilo bango libanduliwe leo, usingoje ndiyo wala hapana ya mtu, kwa sababu ni uongo hata ikiwaje. Mjomba wa Situma aachiwe mpwa wake. Na Aziz mwambie kwamba mkono unaoshona na koo linaloimba ni vya mtu mmoja, akifunga kimoja atapata hasara ya vyote.

Jambo la mwisho. Jina la mwalimu nimelifuta kwenye barua yako, lakini tusidanganyane, wimbo wenyewe utakutambulisha Kitale nzima, na ukitambulika wewe atatambulika yeye. Kwa hivyo jibu hili nakutumia kwa simu kwanza, na barua haitaingia gazetini mpaka uniambie umefika kwake na ameridhia. Asiporidhia nitaifuta, na mimi na wewe hatujawahi kuandikiana.

Kwenye wimbo wako unauliza umwite kwa jina gani. Shamira, jina unalijua tangu ukiwa mtoto. Nenda ukaliite mlangoni kwake.

Rosaline.

Wasomaji wangu, barua niliiweka nikangoja, na wiki ilikuwa ndefu. Alhamisi Shamira akaniandikia haya, nayaacha kama yalivyo: "Nimefika. Ameniimbisha mstari wa tatu mpaka chai ikapoa. Litungu bado halipendi, anasema lina kelele za mbuzi, lakini anakuja. Kiti atabeba chake, ati vya watu vinamuumiza mgongo. Kuhusu gazeti amesema chapisha, na jina uandike lote, asije mtu akafikiri ni mwalimu mwingine: Zulekha Abdi."