Mashine ya Kuoshea Gari kwa Shemeji Aliyenipa Figo

Mpendwa Bi Haydée,

Nasoma majibu yako gazetini, nami naomba msaada wako, na nitakueleza yote maana nikificha nusu utanishauri nusu. Mimi ni mama wa watoto wakubwa, naishi Pacayas kwenye mashamba ya viazi, na kwa muda mrefu figo zangu zilikuwa zimekufa, naamka alfajiri kushuka hospitali mjini San José kusafishwa damu, narudi jioni nikiwa kama nguo iliyokamuliwa, mpaka mdogo wake mume wangu, Wilberth, bila kuombwa na mtu yeyote, akaenda mwenyewe kupimwa, akaja akakaa jikoni kwangu, akajimiminia kahawa, akasema, “Shemeji, yangu inakufaa. Kazi kwako,” utadhani ananiazima koleo. Tukapasuliwa wote wawili, figo yake ikanikubali, na leo nakunywa maji kadiri ninavyotaka, Bi Haydée, na aliyewahi kupimiwa maji kwa kikombe ndiye anayejua hilo ni jambo gani.

Sasa kila nikitaka kumshukuru ananikatiza. “Shemeji nawe, mbili nilikuwa nazibeba za nini?” Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye mpira, na mimi nabaki na maneno yangu kooni.

Wilberth hana mke wala mtoto, ana pikapu nyekundu ya zamani aliyoachiwa na baba yao, na kila Jumapili baada ya misa huiosha kwa ndoo anazozibeba kutoka bombani nyuma ya nyumba. Mshono wake umepona, daktari ameridhika, lakini akinyanyua ndoo ubavu bado unamvuta, na hasemi. Juzi mlima wa volkano ulio juu yetu ulitema majivu tena, nikapita kwake nikaikuta pikapu imekuwa ya kijivu, naye anaifuta kwa kitambaa kikavu, mkono mmoja kazini, mwingine umeshika ubavu. Aliponiona akaushusha ule mkono haraka, kama alikuwa anajikuna tu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, Olman, kwamba namnunulia Wilberth mashine ya presha ya kuoshea gari.

Olman akakubali, tena kwa moyo wote, ila tulipofika dukani mjini Cartago tukagombana mbele za watu, kwa sababu mimi niliitazama ndogo ya umeme na yeye akasimama kwenye kubwa ya petroli.

“Mtu kakupa kiungo cha mwili wake,” akasema, “halafu wewe unampelekea kidude kama pasi?”

Na muuzaji akamuunga mkono. “Hii, mama, inang'oa hata rangi ya ukuta.”

Nikiitazama ndogo naona haya, nikiitazama kubwa naona ndama wa chuma ambaye hata Olman hawezi kumnyanyua peke yake, na pale katikati machozi yakanitoka, muuzaji akaniletea kiti akidhani nimeshtushwa na bei, tukaondoka mikono mitupu.

Tena kuna hofu nyingine. Wilberth hapendi kupewa. Binti yangu alimpelekea tamale, yale mahindi ya kupondwa yanayochemshwa ndani ya majani ya mgomba, wakati wa Krismasi, sinia likarudi limejaa vitunguu. Nikimpa kubwa atasema namlipa, nikimpa ndogo ataona ndivyo ninavyomthamini. Nichague ipi, na nimkabidhi vipi?

Shemeji wa Pacayas

*

Shemeji wa Pacayas,

Nimefurahi kwamba unakunywa maji. Kunywa na glasi moja kwa niaba yangu.

Sasa tuanze na yule muuzaji, maana alikwambia ukweli bila kujua. Kinachong'oa rangi ya ukuta kitang'oa na rangi ya pikapu, hasa ya zamani ambayo huenda imeshaanza kufura pembeni. Halafu hiyo ya petroli huwashwa kwa kuvuta kamba kwa nguvu, kwa mkupuo. Weka mkono kwenye mshono wako mwenyewe, kisha uniambie nani ataivuta. Unataka kumpunguzia mtu maumivu ya ubavu, na mumeo anataka kumnunulia ya kumwongezea. Mpe Olman pole zangu, ana moyo mzuri, lakini safari ijayo abaki nyumbani.

Nunua ndogo ya umeme. Mwambie muuzaji unataka ya kuoshea gari la nyumbani, presha yake iwe kama bar mia moja au juu kidogo, zaidi ya hapo unanunua kelele. Iwe na magurudumu na mpini ili Wilberth aivute bila kuinama. Mpira wake wa maji utoshe kuzunguka gari zima. Iwe na ncha ya kurusha maji yaliyotandazwa kama feni na chupa ya kutolea povu, na ile ncha inayochoma kama sindano itupeni kabatini. Uliza kama inaweza kuvuta maji kwenye pipa, kwa sababu kiangazi bomba huko kwenu hukauka na si mashine zote zinaweza. Na umeme usiuchezee: soketi iwe na waya wa ardhi na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kama hamna, mwiteni fundi kwanza, gari litasubiri.

Majivu ya mlima hayafutwi makavu. Ni mawe yaliyosagwa, na kila anapopitisha kitambaa anapiga msasa. Maji kwanza, kuanzia juu kwenda chini, ncha ikiwa mbali kiasi cha urefu wa mkono, kisha povu, kisha kitambaa laini, kisha maji tena. Asikaribie mipira ya milango wala mahali rangi ilipobanduka.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa nikugombeze kidogo. Wewe unatafuta mashine yenye ukubwa wa figo, dada yangu, na duka linaloiuza halijafunguliwa Cartago wala kwingine. Acha kupima. Ulimwona ameshika ubavu ukafikiria ndoo, hiyo ndiyo zawadi, na hiyo mashine ni chombo cha kuibebea tu.

Usimtume mtu. Usiifunge utepe, usialike ukoo. Nenda mwenyewe Jumapili baada ya misa, iunganishe mwenyewe, ioshe pikapu mwenyewe, yeye akae. Mwenye mzaha anahitaji watu wa kumchekea, basi usimpelekee watu. Akitania, cheka, nyamaza kidogo, halafu sema neno lako. Liwe fupi. Akirudisha vitunguu, pokea vitunguu, upike.

Na umuulize hali yake. Wote wanauliza anaendeleaje aliyepewa. Aliyetoa naye alipasuliwa.

Haydée

*

Bi Haydée,

Nilinunua ndogo. Wilberth aliitazama akasema, “Shemeji, hii umeniletea ya kunyolea ndevu?” Nikacheka, nikaichomeka, nikaanza na paa kama ulivyosema. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akinielekeza, “Umeacha pale, umeacha na kule, shemeji, unaosha au unabariki?” Wekundu ulipoanza kutokea aliinama mbele kuutazama.

Nikazima mashine. Nikamwambia, “Wilberth, naishi kwa sababu yako. Asante.”

Akafungua mdomo, nikajua mzaha unakuja, ukakwama. Akabaki anatazama maji yanavyoteremka kwenda mtaroni.

Nikamuuliza, “Na wewe ulikuwaje, siku ile ya kupasuliwa?”

Akasema, “Niliogopa, shemeji. Ndani ya hii pikapu, mbele ya hospitali, nilishindwa hata kuchomoa ufunguo. Nikasema nitageuza nirudi Pacayas, niseme vipimo vya mwisho vimekataa.”

“Mbona hukugeuza?”

“Nilikuwa bado nafikiria, ukapita mbele yangu na Olman, unatembea kwa kushika ukuta. Nikashuka.” Akajipangusa uso kwa kiganja. “Hakuna aliyeniuliza mpaka leo.”

Nikakaa karibu naye pale kwenye ngazi na mikono yangu iliyolowa. Nikamshika mkono, akauacha ushikwe, tukakaa hivyo mpaka pikapu ikakauka.